Dubu mkubwa wa kahawia akikutana na simba, chui milia au mbwa mwitu, nani anaacha nyama?

KUCHA NDEFU (mleta mada)

Wakuu salaam. Kila baada ya muda unaibuka ubishi uleule, simba na dubu nani mbabe, mmoja anatupia video ya sekunde kumi yenye muziki wa kutisha, mwingine anakuja na "dubu ana tani nzima", wa tatu anasema simba ndo mfalme mjadala ufungwe, kurasa kumi baadae hakuna aliyetoka na kitu. Hawa wanyama nawafuatilia siku nyingi so leo nashusha uzi, wenye haraka mpite.

Kwanza tuelewane tunamsema dubu yupi. Dubu wa kahawia ni spishi moja ila miili yao imepishana mpaka unashangaa. Kuna wa jangwa la Gobi kule Mongolia, mdogo, mkavu, anaishi kwa mizizi na majani, wamebaki wachache mno. Kuna wa Yellowstone Marekani, wale wanaoitwa grizli, dume lao ni kilo 90 mpaka 320 hivi. Halafu kuna wa visiwa vya Kodiak, Alaska, ambao wametengana na wenzao wa bara tangu zama za barafu zilipoisha, kama miaka 12,000 iliyopita. Hao wapo kama 3,500, dume kubwa linafika kilo 680, likisimama kwa miguu ya nyuma ni mita 3, likiwa kwa miguu yote minne bega lipo mita 1.5 kutoka ardhini. Wa pwani ya Katmai, hifadhi ya hukohuko Alaska, na wa Kamchatka kule Urusi nao ni wa daraja hilo la juu.

Sasa mtu akiniambia "dubu anampiga simba" mimi namuuliza dubu wa wapi, na wa mwezi gani? Mwezi unabadilisha kila kitu. Dubu akilala majira ya baridi anaamka amepoteza kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo dume lilelile lililokuwa la kutisha mwezi wa kumi, mwezi wa tano limebaki ngozi inaning'inia.

Na kinachomfanya wa pwani awe mkubwa vile ni samaki tu. Samoni wanapanda mito kwenda kutaga, dubu anasimama kwenye maporomoko anadaka. Dume kubwa pale Brooks Falls, Katmai, siku ikiwa nzuri linakula samaki zaidi ya 30. Samaki wakiwa wengi linaanza kuchagua, linakula ngozi, ubongo na mayai, kule kwenye mafuta, nyama yenyewe linawaachia ndege. Wa bara hana huo mto, ndo maana ni nusu yake.

FUNDI MIZANI

Mkuu umeanza vizuri. Hizi habari za tani moja zimetoka wapi basi? Mimi nimeona picha ya jamaa kapiga magoti nyuma ya dubu, kucha tu ni kama visu, maelezo yanasema dubu alikula watu.

KUCHA NDEFU

Hiyo picha naijua, ni ya zamani kweli. Dubu aliuawa Oktoba 2001 kisiwa cha Hinchinbrook, Alaska, picha ni halali kabisa, hadithi ndo ilipikwa. Barua pepe zilizosambaa zilisema kapita kilo 720 na urefu kapita mita 3.6, kala watu, risasi zimemgonga hazimwingii. Ukweli alikuwa mita 3.2, makadirio ya uzito kilo 450 mpaka 545, na hakula mtu. Ambaye hata hivyo ni dubu mkubwa sana jamani, kilo 500 za misuli na mafuta sio mchezo, sijui kwanini watu waliona haitoshi mpaka waongeze.

Ukitaka anayekaribia tani kweli, alikuwepo Clyde, Kodiak wa bustani ya wanyama ya Dakota Zoo mjini Bismarck, alikufa 1987 akiwa na miaka 22, alipimwa kilo 966. Ila huyo ni wa kufugwa, alipewa chakula, hakutembea kilomita hata moja kutafuta. Hizo kilo usiende nazo porini.

Wa porini kumpima ni shughuli. Dubu namba 747, lile dume la Katmai lililoshinda 2020 na 2022 yale mashindano ya dubu mnene ambapo watu wanapiga kura mtandaoni kuchagua dubu wa Katmai aliyenenepa zaidi, walilipima kwa mitambo ya leza wakiwa mbali, ikaja zaidi ya kilo 630. Hakuna aliyelisogelea na mizani, wewe ungeenda? Ndo maana wawindaji wenye rekodi zao hawashindani kwa kilo kabisa, wanapima fuvu, urefu jumlisha upana. La rekodi limetoka karibu na ziwa Karluk hukohuko Kodiak mwaka 1952, jumla sentimita 78. Fuvu halinenepi wala halikondi.

MKIA WA SIMBA

Nyie ongeeni kilo zenu. Simba anaua nyati, anaua twiga, hiyo ndo kazi yake kila wiki. Huyo dubu wenu anadaka samaki. Tuheshimiane.

KUCHA NDEFU

Hahaha nilikuwa nakusubiri wewe. Hoja yako ni nzito kuliko unavyoiandika, ngoja nikusaidie. Simba dume wa porini mara nyingi ni kilo 150 mpaka 225, akipita 250 huyo anaandikwa vitabuni. Silaha zake ni za kuulia, kucha zimepinda kama ndoano na zinajificha ndani ya vidole zisisagike, akikushika hutoki, meno yanaenda kooni, anabana mpaka pumzi inakata. Mwili wote umetengenezwa kwa hiyo kazi moja.

Dubu kwa upande wake kucha haziingii ndani, ni ndefu na zimenyooka kiasi, za kuchimbia. Lile nundu unaloliona begani ni misuli mitupu ya kuendeshea mikono ya mbele. Anageuza mawe ambayo wanaume watatu mtasukuma mpaka mchoke, anachimba ardhi yenye mizizi mpaka chini kumfata mnyama mdogo. Sasa mkono wa namna hiyo ukitua kwenye uso wa mnyama mwingine ni habari nyingine. Ila ni nguvu ya kazi, ya kuuwa imekuja juu yake. Na spidi anayo, grizli akifyatuka anakaribia kilomita 56 kwa saa, wale wanaosema "kizito hawezi kukimbia" wasijaribu.

Kuhusu hao wawili kukutana, siku hizi hawakutani porini popote. Zamani ndiyo. Afrika kaskazini kulikuwa na dubu wa milima ya Atlas, wakaisha karne ya 19, na simba wa Atlas waliishi nao mulemule. Mashariki ya Kati pia, Uajemi na Mesopotamia, simba na dubu wa Syria. Lakini angalia, hao wote ni dubu wadogo wadogo. Simba na dubu wa kilo 600 hawajawahi kupishana njia moja ndani ya historia ya watu kuandika mambo.

Ukinibana nitoe jibu: dubu wa bara wa kilo 200 na simba dume, hapo sijui mtu anaweka dau kwa nani na mimi siweki. Dume la pwani la mwezi wa tisa, simba mmoja anaondoka, tena anaondoka kabla ya ngumi. Ila simba haji mmoja, anakuja na ndugu zake watatu, na hapo hesabu inakuwa nyingine kabisa.

BI NYUKI

Mi nauliza, chui milia je? Maana huyo si anaishi na dubu msitu mmoja kule Urusi?

KUCHA NDEFU

Asante dada Nyuki, hilo ndo swali lenye jibu la kweli kwasababu huku hatubuni. Milima ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, chui milia wa Siberia na dubu wa kahawia wapo pamoja mwaka mzima na watafiti wamefatilia nyayo zao kwenye theluji miaka na miaka. Chui milia dume kule ni kama kilo 160 mpaka 200, jike kama 120.

Na ndiyo, chui milia anaua dubu na kumla. Mashabiki wa dubu huwa wanaruka hapa. Ila ukisoma anawauaje na wepi, picha inakaa sawa: wengi ni majike na wadogo, na anavizia. Anakuja kwa nyuma au kutoka juu, pengine anamkuta pangoni amelala, meno yanaingia shingoni kwenye uti wa mgongo, kwisha habari. Hampi nafasi ya kugeuka. Chui milia akiona dume kubwa la dubu kwenye uwazi mbele yake, kesi ni nyingine, analikwepa.

Upande wa pili, dubu naye hufanya hivi. Anakuta nyayo za chui milia kwenye theluji, anazifata, anafata, anafika kwenye nguruwe au kulungu aliyeuawa, anakaa juu ya mzoga anakula. Mwenye windo kama ni jike la chui milia mara nyingi anaacha. Kuna dubu ambao baridi ikija hawalali kwasababu hawakunenepa vya kutosha, Warusi wanawaita shatuni, hao ndo wanakuwa na njaa na hasira, na wamewahi kuua hata chui milia. Kwa hiyo vifo vipo pande zote mbili, imeandikwa.

Ila sasa mnaona mchezo ulivyo? Porini hakuna ulingo wala refa. Swali ambalo wanyama wenyewe wanalijibu kila siku ni nani anaacha nyama na nani anabaki nayo. Na kwenye hilo dubu mkubwa wa kahawia hana mpinzani nchi kavu kule anakoishi. Wengine wanaua, yeye anafika baadae anachukua. Mimi kwangu huo ndo ubabe wake.

MTU WA PORINI

Naongezea kwa mleta mada, Yellowstone walirudisha mbwa mwitu (wale wolf, sio wa Afrika) 1995, na moja ya vitu vilivyoonekana haraka ni hicho unachosema. Kundi linaangusha kulungu asubuhi, mchana grizli kashasikia harufu, anakuja anatembea tu wala hakimbii, mbwa mwitu wanamzunguka, mmoja anamng'ata makalioni, anageuka, mwingine anang'ata, anageuka, mwisho anakaa kwenye mzoga na wao wanalala pembeni wakisubiri. Nimeangalia video za namna hiyo nyingi na mwisho karibu zote unafanana. Kuna mpaka anayejilaza juu ya nyama akasinzia.

Ila watoto wa dubu wakiwepo mbwa mwitu wanakuwa hatari, jike hawezi kulinda pande zote.

FUNDI MIZANI

Na dubu mweupe wa barafuni? Yeye si ndo mkubwa kuliko wote, amalize ubishi.

KUCHA NDEFU

Kwa kilo yes. Dume la dubu mweupe ni kilo 350 mpaka 700, na lipo lililopigwa Kotzebue Sound, Alaska, mwaka 1960, likaandikwa kilo 1,002. Ila sikiliza hii ndo naipenda kuliko zote kwenye uzi huu.

Kaktovik, kijiji cha Wainupiat kaskazini kabisa mwa Alaska, wenyeji wanavua nyangumi kihalali kwa ajili ya chakula chao, wakimaliza kuchinja mabaki wanayapeleka sehemu moja nje ya kijiji. Lile fungu la mifupa na mafuta linavuta dubu weupe kila vuli, unawakuta wengi pamoja wanakula kwa zamu bila fujo kubwa. Halafu usiku anatokea grizli kutoka bara. Grizli wa kule ni wadogo, ni wa nyika kavu, hawana samoni. Watafiti walikaa wakaangalia, wakaja kuchapisha 2015: anayeondoka mara nyingi ni dubu mweupe! Mnyama mkubwa kuliko yeye, wapo wengi, anafika grizli mmoja anatembea moja kwa moja kwenye mzoga na wale weupe wanasogea pembeni.

Sababu ninavyoiona ni kwamba dubu mweupe maisha yake yote ni kubana nguvu, haoni sababu ya kuumia kwa ajili ya mfupa mmoja wakati atapata mwingine. Grizli yeye anakaribia kwenda kulala miezi, kila kilo ya mafuta anayoikosa ni hatari, kwa hiyo anakuja kama mdai. Kilo 500 zisizotaka ugomvi zinampisha mwenye kilo 250 anayetaka. Hapo jedwali lako la uzito linasaidia nini?

MKIA WA SIMBA

Kwahiyo umekubali kilo si kitu. Basi simba kashinda, asanteni.

KUCHA NDEFU

We jamaa 😂 sijasema kilo si kitu. Nenda pale Brooks Falls uone. Sehemu nzuri za kuvulia zinakaliwa na madume makubwa, 747 akishuka mtoni wengine wanahama bila kuambiwa, hakuna ngurumo wala nini, anatembea tu na tumbo linakaribia kugusa maji. Kilo zinamwokoa asipigane. Lakini hukohuko kuna jike linaitwa Grazer, namba 128, ambalo madume yanaliogopa. Likiwa na watoto linarukia dume lenye ukubwa wa karibu mara mbili yake, masikio yamelala nyuma, mdomo wazi, na dume linarudi nyuma. Mwezi wa saba 2024 watoto wake waliponyoka kwenye maporomoko, dume linaloitwa Chunk likawashambulia, Grazer akalivaa, mtoto mmoja akafa. Oktoba hiyohiyo kwenye kura za dubu mnene fainali ikawa Grazer na Chunk, Grazer akashinda. Watu walipiga kura kwa hasira nadhani.

Mwaka uliofata Chunk akatokea na taya limevunjika, linaning'inia upande, inasadikika ni ugomvi na dubu mwenzie kipindi cha kutafuta majike. Kwa taya hilo akavua, akanenepa mpaka kilo zaidi ya 540, akachukua taji la 2025. Mtu anayetaka kujua dubu anahimili nini aangalie hilo taya, aachane na zile namba za nguvu ya kung'ata zinazozunguka mitandaoni.

Na tusisahau kwamba ukimtoa binadamu, anayemuua dubu zaidi ni dubu mwenzie. Septemba 30, 2024 dubu 469 alimuua jike 402 mtoni palepale, kamera zikiwa laivu watu wanaangalia, mpaka ratiba ya mashindano ikasogezwa.

BI NYUKI

Duh. Na binadamu wa zamani kabla ya bunduki za kisasa walikuwa wanafanyaje?

KUCHA NDEFU

Hao waliokuwa na bunduki za zamani wenyewe walipata tabu. Lewis na Clark, ule msafara wa Wamarekani kwenda magharibi, wenyeji waliwaonya mapema kuhusu huyu mnyama, wao wakaona ni maneno. Mei 5, 1805 kwenye mto Missouri, Clark na mwenzie Drouillard wakampiga mmoja. Risasi kumi. Tano zimepita kwenye mapafu. Akaogelea zaidi ya nusu ya mto akafika kwenye fungu la mchanga, zikapita dakika 20 ndo akafa. Wakampima: kifua mzunguko sentimita 179, shingo 119, kucha sentimita 11. Halafu, na hii inachekesha, wakubwa hao wawili wakabishana uzito! Clark akasema ni kama kilo 227, Lewis akasema hapana ongeza 45. Yaani ubishi wenu humu una miaka zaidi ya 200.

MTU WA PORINI

Kitu ambacho watu hawaamini nikiwaambia ni kwamba huyuhuyu grizli wa Yellowstone kiangazi anapanda milimani kula nondo. Nondo wale wadudu. Wanajificha chini ya mawe juu kule baridi, yeye anageuza jiwe analamba, anageuza lingine, na anaweza kula 40,000 kwa siku.

KUCHA NDEFU

Kweli kabisa mkuu, na ni chakula cha maana maana wale nondo wana mafuta mengi kuliko nyama ya kulungu. Ndo mnyama mwenyewe huyo, anazaliwa pangoni katikati ya baridi hana hata nusu kilo, hana manyoya ya maana, macho yamefumba, mama yake anamnyonyesha huku kasinzia. Halafu akikua analamba nondo, anachimba mizizi, anadaka samaki, na ukiua kulungu wako anakuja kuuchukua. Simba hawezi kuishi kwa majani wiki mbili, chui milia vilevile.

FUNDI MIZANI

Swali la mwisho mkuu, waliowahi kuishi zamani, kuna dubu aliyemzidi Kodiak?

KUCHA NDEFU

Wapo. Amerika kusini mifupa ya mmoja ilifukuliwa 1935 mji wa La Plata, Argentina, wakati wanajenga hospitali. Anaitwa Arctotherium angustidens. Waliomchambua mwaka 2011 walikadiria kapata kama kilo 1,600, na mifupa ya mkono ilikuwa na majeraha makubwa yaliyopona akaendelea kuishi mpaka uzee. Huyo anataka uzi wake, wiki ijayo nikitulia nautupia. Mkia wa Simba usikose.

MKIA WA SIMBA

Nitakuwepo. Na simba wa zama za barafu nitamleta.